Juu ya Macho ya Watoto Wetu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Marangu)



Katibu aliponiandikia alitaka nizungumze juu ya mchango wa wanafunzi wa zamani katika maendeleo. Nilikaa na mada hiyo wiki mbili, nikaona kwamba kila aliyesimama hapa kabla yangu amekwisha kuimaliza. Kwa hiyo, kwa ruhusa yenu, nitazungumza juu ya kitu kisichofikia upana wa sentimita mbili na nusu, yaani jicho la mtoto.

Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali katika mambo ya mipango, na kazi yangu ni majedwali na bajeti. Nitakayoyasema nimeyapata kwa kusoma, kwa kuwauliza wataalamu, na kwa kuyaishi. Na hilo la tatu ndilo lililonisimamisha hapa.

Tuanze na mchezo. Naomba kila mmoja anyooshe mkono, asimamishe kidole gumba mbele yake, akilenge na mwimo wa mlango ule. Sasa fumba jicho la kushoto. Haya, lifumbue, ufumbe la kulia. Naona wazee wa safu ya mbele wanacheka. Maana yake kidole kimeruka. Kidole hakikuruka. Macho yetu yameachana kwa sentimita sita hivi, na kila moja hupeleka kwenye ubongo picha iliyo tofauti kidogo na ya mwenzake. Ubongo huzichukua picha hizo mbili ukazifanya moja, na kutokana na tofauti ile ndogo ndipo unapojua kipi kiko karibu na kipi kiko nyuma yake. Mwingereza mmoja, Charles Wheatstone, alilionyesha jambo hili mwaka 1838 kwa chombo cha vioo. Alichora picha mbili bapa, moja kwa kila jicho, na mtu akichungulia aliona kitu kimoja chenye kina, kama kwamba angeweza kukizungushia mkono.

Ajabu yake ni kwamba kipaji hiki ni cha mambo ya karibu. Mtu akisimama hapa asubuhi isiyo na wingu akatazama Kibo, macho mawili hayamwambii umbali. Mlima uko mbali mno, na picha zote mbili ni sawa. Pengine ndiyo sababu mojawapo ya wageni kudhani wataufikia kabla ya chakula cha mchana. Lakini kumimina mbege katika kibuyu bila ya kumwaga, kutunga uzi katika sindano, kuvuka mfongo juu ya gogo lenye utelezi, kudaka mpira, hizo ndizo kazi za macho mawili yanayoshirikiana. Wenzangu wa darasa mtakumbuka kwamba niliwekwa golini mara moja tu katika maisha yangu ya shule, na hamkurudia tena kosa hilo. Sisemi kwamba jicho ndilo lililofungisha mabao yote matano. Mawili hivi nadhani lilihusika.

Ushirikiano huo huharibikaje? Kila jicho linaendeshwa na misuli sita. Misuli hiyo, au mishipa inayoiamrisha, ikikosa kupatana, jicho moja hutazama kitu na jingine hutazama kando, ndani kuelekea puani au nje kuelekea sikioni. Hayo ndiyo makengeza. Mtu mzima akipatwa na makengeza ghafula huanza kuona vitu viwili viwili, na hana budi kukimbilia hospitali. Mtoto mdogo mara nyingi hana malalamiko hayo. Ubongo wake ungali unajijenga, na hauikubali fujo ya picha mbili zisizolingana. Huchagua ya jicho moja, ya jingine huizima. Mtoto haumwi, halalamiki, anacheza na wenzake kama kawaida. Lakini jicho lililozimwa halijifunzi kuona. Miaka ikipita hubaki dhaifu hata likiwekewa miwani, na daktari akilichungulia ndani haoni kasoro yoyote. Watu wengine huliita jicho vivu. Jina hilo silipendi, kwa maana jicho halikufanya uvivu, lilinyimwa kazi.

Jambo hili lilithibitishwa na wataalamu wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, katika miaka ya 1960 huko Marekani. Walifunga jicho moja la mtoto wa paka kwa wiki chache za mwanzo wa maisha yake. Walipolifungua, jicho lilikuwa zima, lakini sehemu ya ubongo iliyopaswa kulisikiliza ilikuwa imekwisha kutwaliwa na jicho la pili. Walipomfunga paka mzima kwa muda mrefu zaidi, hakudhurika hivyo. Mwaka 1981 walipewa tuzo ya Nobel. Kwa binadamu msimu huo ni mrefu zaidi: miaka ya kwanza ndiyo yenye nguvu, na kufikia umri wa miaka saba au minane nafasi ya kulirudisha jicho imekwisha kupungua sana. Haifungwi kama mlango wa duka. Wapo watoto wa miaka kumi na zaidi waliopata nafuu kiasi. Lakini kila mwaka unaopita hupunguza mavuno.

Sasa nije kwangu. Mimi sikuwa na makengeza. Macho yangu yamenyooka, kama mnavyoniona. Kumbe jicho langu la kushoto lilizaliwa na kasoro ya kutoona karibu iliyozidi sana ile ya mwenzake, picha yake ikawa na ukungu, na ubongo ukaizima kimya kimya. Nilisoma ubao vizuri kwa jicho la kulia. Nikafaulu mitihani ya shule hii, nikaenda Chuo Kikuu, nikarudi na shahada. Katika miaka yote hiyo hapana mtu aliyewahi kulifunika jicho langu moja na kuniuliza lile jingine linaona nini, na mimi mwenyewe sikupata kujua kwamba kuna swali la namna hiyo.

Nilijua nikiwa na umri wa miaka 27, nilipokwenda kupimwa kwa ajili ya leseni ya udereva. Mpimaji aliniambia nifunike jicho la kulia nisome. Nikaona bango jeupe lenye vumbi jeusi. Nikamwambia, "Bwana, naona taa haitoshi." Akaniambia nifunike la kushoto. Taa ikatosha.

Nililichukua jambo hilo kama mzaha, nikalisimulia kazini tukacheka. Hata mwaka mmoja nilipokuja nyumbani likizo nikawa namsaidia mama kukata matawi ya mibuni. Tawi moja lilijikunja, nikaliachia vibaya, likanichapa katika jicho la kulia. Hospitali walilisafisha, wakalifunga kwa bandeji kwa siku nne. Ndugu zangu, siku nne hizo nilikuwa kipofu mwenye jicho zima. Niliuona mlango, niliwaona watu kama vivuli, lakini sikuweza kusoma hata kichwa cha barua. Binti yangu, aliyekuwa darasa la tatu, alinisomea ujumbe wa kazini, na kila alipofikia neno gumu alilitamka herufi kwa herufi. Nilikaa barazani nikawaza: kama daktari angefungua bandeji hii akasema jicho limekwenda, mimi ni mtumishi wa namna gani? Watoto wangu watakula nini? Jicho lilipona. Tangu siku hiyo navaa miwani ya kukinga hata nikipasua kuni, na majirani hunicheka.

Mwaka ule ule niliona upande wa pili wa habari hii. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka mitatu na nusu, na jicho lake la kulia lilianza kuingia ndani kila alipotazama kitu cha karibu. Kwa yeye kasoro ilionekana na kila mtu. Mama yangu alisema mtoto alilazwa akitazama upande mmoja wa dirisha, akikua yatatoka yenyewe. Jirani alisema ni mambo ya ukoo wa mama yake. Shemeji aliona haya, akaacha kumpeleka kanisani. Mimi, mwenye shahada, nilisema tungoje tuone. Ni jicho langu la kushoto lililonisuta, baada ya zile siku nne, nikamwambia mdogo wangu, "Kesho asubuhi tunakwenda."

Huko walimtia dawa ya matone ya kutanua mboni, wakampima, wakakuta hana tatizo la misuli hasa. Alikuwa na kasoro ya kutoona karibu, na kila alipojitahidi kuona vizuri, jitihada ile ile iliyavuta macho ndani. Akapewa miwani. Alipoivaa, baada ya wiki chache macho yakanyooka. Akiivua, jicho likarudi puani. Mama yangu aliikagua miwani ile pande zote akauliza, "Wameipaka dawa gani?" Nilimweleza kwamba lenzi inamfanyia mtoto ile kazi aliyokuwa akiifanya kwa kujikaza. Aliniitikia kwa adabu, nadhani hakusadiki.

Ikabaki habari ya jicho lililokuwa limekwisha kuzimwa. Dawa yake ni kulifunika lile zima, ili dhaifu lipate kufanya kazi. Zamani watoto walifungwa karibu siku nzima. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa udhaifu wa kadiri, saa mbili kwa siku huleta matokeo sawa na saa sita. Saa mbili si nyingi, ila kwa mtoto wa miaka mitatu ni vita. Aliibandua plasta, akaificha chini ya kochi, akambandika mbuzi. Mwishowe shemeji akawa anamchorea mpira juu ya plasta kila siku, naye akakubali kwa sharti kwamba babu yake naye afungwe. Mzee wangu alikaa saa mbili kila jioni na plasta usoni, akisikiliza taarifa ya habari. Leo mtoto huyo ana miaka minane, na jicho lile linakosa mstari mmoja tu wa chini. Ndiye anayemtungia bibi yake uzi kwenye sindano.

Nisieleweke vibaya. Si makengeza yote hunyooshwa kwa miwani. Mengine huhitaji upasuaji, daktari akaihamisha au kuifupisha misuli. Na upasuaji huo hunyoosha jicho, lakini haulifundishi kuona, ndiyo maana kufunika na miwani hutangulia. Mtu mzima mwenye makengeza naye anaweza kunyooshwa, wala asiambiwe kwamba anafuata urembo. Kutazamwa usoni bila ya watu kugeuka nyuma kujua unamtazama nani ni haki ya mtu.

Lipo jambo moja zito zaidi, nalo nitalisema upesi. Safari nyingine makengeza ni dalili ya ugonjwa ulio ndani ya jicho: mtoto wa jicho, ambaye watoto wachanga nao huwa naye, au kansa. Mkimpiga mtoto picha kwa simu yenye mwanga, mboni moja ikang'aa nyeupe badala ya nyekundu, msingoje Jumatatu. Kansa ile ikiwahiwa hutibika, ikicheleweshwa huua. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti juu ya watoto walioletwa KCMC kupasuliwa mtoto wa jicho. Wazazi walikuwa wameiona kasoro, lakini kati ya kuona na kufika ilipita miezi mingi na hata miaka, hasa kwa waliokaa mbali na kwa akina mama waliopata elimu ndogo. Sisi wa Marangu hatuna kisingizio cha umbali. KCMC imekuwapo Moshi tangu mwaka 1971, ina idara ya macho inayofundisha madaktari bingwa na wataalamu wa kupima miwani, nayo iko kama kilomita 40 kutoka hapa.

Mtasema, tutajuaje? Desemba karibu kila Mchaga hurudi kihambani kwake, na wajukuu wote hukusanyika kwa bibi. Huo ndio wakati. Mkae naye kivulini, mtoto akitazama tochi ndogo iliyoshikwa mbele yake kwa urefu wa mkono. Nuru ile huonekana kama kinyota katika kila jicho. Vinyota vikikaa mahali pamoja katika mboni zote mbili, vema. Kimoja kikiwa katikati na kingine kimekwenda kando, mpelekeni. Kisha funikeni jicho moja huku mkilitazama lililobaki wazi: likiruka kidogo ili lipate kulenga, lilikuwa halilengi. Na mtoto mdogo anayenyamaza ukimfunika jicho moja, lakini analia na kuusukuma mkono ukimfunika la pili, amekwisha kuwaambia analotegemea ni lipi. Mtoto mchanga wa miezi mitatu ya kwanza macho yake hutangatanga, hilo ni la kawaida. Tena watoto wetu wengi wana daraja pana la pua linalofanya macho yaonekane yameingia ndani nayo yamenyooka; tochi itawatoa wasiwasi.

Kuanzia miaka minne hivi mtoto anaweza kusomeshwa bango. Mholanzi Herman Snellen alilitoa bango lake la herufi mwaka 1862, na tangu hapo kuna namna yake isiyohitaji kusoma: herufi E iliyogeuzwa juu, chini, kushoto na kulia, mtoto anaonyesha kwa vidole miguu yake inaelekea wapi. Asimame mita sita. Afunike jicho kwa kiganja, asitumie vidole. Watoto wa kwetu ni werevu, huchungulia katikati ya vidole ili wafaulu. Na jicho moja moja, ndugu zangu. Ukimpima kwa macho yote mawili utampata mtoto kama mimi, amefaulu vizuri sana.

Vijana wa shule, msidhani haya ni ya watoto wadogo tu. Kutoona mbali huanza mara nyingi katika umri wenu. Utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za Mwanza, ukatolewa mwaka 2002, ulikuta wanafunzi kama sita katika kila mia wana kasoro inayohitaji miwani, na chini ya theluthi moja ya hao ndio waliokuwa nayo. Mwingine wa Dar es Salaam, wa mwaka 2008, uliwagawia wanafunzi miwani bure, na baada ya miezi mitatu hata nusu yao hawakuwa wakiitumia. Sababu mnazijua kuliko mimi. Wanaitwa "Profesa". Wanaambiwa miwani huharibu macho, jambo ambalo si kweli. Yule anayenakili kutoka daftari la jirani kila siku huenda si mvivu. Huenda ubao kwake ni ukungu wa Mandara.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nimo katika ombi. Nafahamu kwamba Chama kina mpango wa lango jipya la shule, na mchango wangu wa lango nimekwisha kuulipa. Naomba fungu dogo liende kwa shule za msingi zinazotuzunguka, ambazo ndizo hutuletea wanafunzi hawa, na hasa madarasa ya awali na darasa la kwanza, maana akifika kwetu kidato cha kwanza jicho la namna ya langu limekwisha kupitwa. Bango, utepe wa kupimia, tochi: gharama yake ni ndogo kuliko bawaba za lango. Kupima kwenyewe walimu wanaweza. Huko Trans-Nzoia nchini Kenya, katika utafiti wa shule 50 uliotolewa mwaka 2018, walimu ndio waliopima, kwa bango na kwa simu za mkononi. Tena tunacho Chuo cha Ualimu hapa hapa Marangu; tukikiomba, sidhani kama watakataa kuwaonyesha walimu wanafunzi kazi ya nusu siku.

Lakini mimi ni mtu wa mipango, nami nimeona miradi mingi ikifia kwenye nauli. Katika utafiti huo wa Kenya, watoto walioonekana kuwa na kasoro kwa njia ya kawaida walipewa barua waende hospitali. Walioenda ni 22 katika kila mia. Kwa shule nyingine wazazi walikumbushwa kwa ujumbe wa simu, na wakapewa picha inayoonyesha ubao unavyoonekana kwa mtoto wao. Walioenda ni 54 katika mia. Bado karibu nusu hawakufika. Kwa hiyo naomba hesabu ya fungu hilo ianze mwisho: nauli ya mtoto na mama yake kwenda Moshi na kurudi, safari tatu kwa mwaka, pamoja na miwani; kinachobaki ndicho kinunue mabango. Tukifanya kinyume chake tutapata orodha nzuri ya majina, tuiweke kabatini.

Nimekuja na bango moja la herufi E. Kijana mmoja wa kidato cha tatu amenisaidia kulitundika ukutani karibu na mlango wa jiko, na mita sita zimechorwa kwa chaki sakafuni. Baada ya chakula nitakuwa pale mpaka saa kumi. Waliokuja na watoto wawalete, na wazee wasione haya kuanza wao. Mlinda mlango wetu wa mwaka wangu, aliyenirithi golini, ameahidi kuwa wa kwanza.